Acha Lami Mjini: Kujiandaa kwa Mbio Fupi za Kilimani

Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kusimama chini ya kilima, Kigera, kuhesabu wakimbiaji wanaposhuka. Wa kwanza kukata kilele alikuwa kijana wa Musoma mjini, mwembamba, raba mpya, mapafu kama mvukuto wa mhunzi. Wa kwanza kunifikia mimi alikuwa mchunga ng'ombe wa pale pale, amevaa daluga kuukuu, moja nyekundu na nyingine nyeusi. Yule wa mjini alikuja wa saba, kiatu kimoja mguuni. Cha pili kilibaki mbugani, na nadhani kipo mpaka leo.

Huku kwetu ukitaja mbio, mtu anakujibu Suleiman Nyambui. Ni haki yake. Mzaliwa wa Majita, akaenda Moscow mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Lakini uwanja ule ulikuwa bapa, na kila mzunguko ulifanana na uliopita. Kilimani hakuna hatua mbili zinazofanana. Kijana anayejiandaa kwa kukimbia barabara ya lami kila asubuhi anaongeza pumzi, sikatai, ila miguu yake inabaki haijui kitu. Na mbio hizi watu hawazipotezi kwenye kupanda. Wanazipotezea kwenye mteremko na kwenye tope.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kukimbia. Ni kuitembea njia. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Wewe unaombwa kilomita saba au nane, tena bila msafara. Itembee mara tatu: mara moja pakiwa pakavu, mara moja siku inayofuata mvua kubwa, na mara moja kinyumenyume, yaani kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Hii ya tatu wengi hawaifanyi, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukipanda pale utakaposhuka siku ya mbio, unauona mteremko kutoka chini: jiwe lipi limelegea, wapi pana pa kukanyaga, wapi njia inajikunja ghafla nyuma ya jabali. Weka alama kichwani kwa vitu visivyohama, mti wa ukwaju, zizi, mwamba uliopasuka. Ukikutana na wachungaji, wasalimie na uwaulize. Ukikutana na mwenye shamba, mwombe ruhusa kabla hujakata katikati ya mihogo yake.

Ardhi yenyewe ina sura mbili. Juu ni majabali ya itale na changarawe, chini ni mbuga. Jabali kavu ni rafiki, raba inalishika vizuri kuliko njia ya vumbi. Jabali lililolowa na lenye ukoga ni kitu kingine kabisa, hapo pita pembeni hata kama ni mbali zaidi. Changarawe iliyotawanyika juu ya jabali ni mbaya kuliko maji. Ni sawa na kukimbia juu ya punje za mahindi zilizomwagika sakafuni.

Mbuga inahitaji maneno zaidi. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Kiangazi unaacha nyufa za kumeza kifundo cha mguu, masika unanata kama ugali wa muhogo. Kila hatua unaokota tope jingine, na ukifika katikati unajiona umefungwa tofali kila mguu. Kosa la kila mgeni ni kurefusha hatua ili tope liishe upesi. Hatua ndefu inatanguliza kisigino, kisigino kinazama, na kukichomoa kunakula nguvu kuliko hatua tatu fupi. Fupisha. Kanyaga kwa unyayo mzima, nyanyua goti juu kwanza ndipo ulipeleke mbele, kama mtu anayetembea ziwani maji yakiwa magotini. Kanyaga kwenye mashina ya nyasi ngumu, maana mizizi yake inabeba uzito. Penye kijani kinachong'aa, laini kama zulia, paogope. Na ukiona matete au mafunjo, ardhi imekwisha kukuambia, usibishane nayo.

Ng'ombe naye hapendi kuzama, ndiyo maana njia yake ya kila siku mara nyingi hupita penye ardhi ngumu. Ifuate, lakini achana nayo unapokaribia mahali wanaponywea maji, kwa sababu pale wamepakoroga. Kiangazi alama za kwato hukauka zikawa ngumu kama saruji, na hizo zimetegua vifundo vingi kuliko mawe. Penye majaruba ya mpunga, kingo zake zinakimbilika vizuri, ila ukiubomoa ukingo wa mtu umemwaga maji ya msimu wake. Shuka, pita chini.

Sasa mteremko. Mwili wako utakuomba uegemee nyuma. Ukiukubali, uzito wote unahamia kisiginoni, na kisigino kwenye changarawe ni sabuni. Legeza magoti, sogeza kifua mbele kidogo juu ya miguu, piga hatua fupi za harakaharaka, na mikono iachie itanuke kama mbawa za kuku anayekimbizwa. Watu watacheka. Waache wacheke. Macho yasitazame vidole vyako, yatangulie mita nne au tano, kwa sababu jiwe lililo chini ya mguu umeshachelewa kulikwepa. Anza kwenye mteremko mfupi wenye nyasi, mita hamsini hivi, ushuke mara sita au nane huku ukipanda taratibu kwa kutembea. Ukizoea, hamia wenye mawe.

Kuna jambo la misuli hapa ambalo makocha wengi wa mtaani hawalisemi. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake, yanazidi siku ya pili au ya tatu, mpaka unashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Lakini misuli ina kumbukumbu. Ikishapata adhabu hiyo mara moja au mbili, ukirudia wiki mbili baadaye inaumia kidogo sana. Kwa hiyo mteremko mkali wa mwisho ufanye siku kumi hadi kumi na nne kabla ya mbio. Anayeufanya siku tatu kabla, eti ajipime, anakuja kushindana akiwa na miguu ya mzee.

Kaskazini mwa Uingereza wana mbio za namna hii tangu karne ya 19, kwenye milima ya mawe, nyasi na matope ya baridi. Mmoja wa mashujaa wao alikuwa Joss Naylor, mfugaji wa kondoo wa bonde la Wasdale, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Nilipoisoma habari hiyo nikamkumbuka yule kijana wa daluga za rangi mbili. Mtu anayefukuza ndama mlimani tangu ana miaka saba amefanya mazoezi bila kujua jina lake. Kama wewe hukuchunga, itabidi ulipie deni hilo kwa wiki tano au sita.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, usinisikilizishe habari za kila siku. Siku moja panda kilima kwa nguvu, dakika mbili mpaka tatu, shuka polepole, rudia mara tano. Siku ya pili ni ya mbuga au shamba lililolimwa, nusu saa, bila kutazama saa ya mkononi, kwa kuwa kasi ya huko haina maana. Siku ya tatu ni mzunguko mrefu wa saa moja na nusu, kukimbia na kutembea, juu ya ardhi ya mbio ikiwezekana. Siku nyingine, ukiwa unasubiri chai ichemke, simama kwa mguu mmoja umefumba macho. Ukifika dakika moja bila kuyumba, kifundo chako kimeanza kuelewa.

Kuhusu kupanda, nina neno moja tu: kutembea si aibu. Mwinuko ukiwa mkali, anayekimbia na anayetembea kwa hatua za nguvu, mikono ikisukuma mapaja, wanafika pamoja, ila mmoja amechoka na mwingine bado anaweza kuongea.

Viatu. Raba za lami zilizolika soli ziache nyumbani. Daluga za mpira zenye meno mafupi zinafaa sana kwenye tope na nyasi, lakini kwenye jabali kavu zinateleza na kupiga kelele kama kwato. Njia ikiwa na mawe mengi, tafuta raba yenye meno ya wastani. Mnadani kwenye mitumba zinapatikana ukichambua kwa subira, na usidanganywe na rangi, ikunje soli uone kama imekufa. Kwa msumari uliopashwa moto toboa vitundu viwili vitatu pembeni, karibu na vidole, maji yatoke. Soksi ziwe nyembamba. Paka mafuta ya mgando vidoleni na kisiginoni. Kamba zifunge mafundo mawili kisha uchomeke ncha ndani, maana mbuga hufungua kamba kwa ustadi wa mwizi. Wapo wanaotaka kukimbia peku. Kwenye tope peku ni tamu, lakini kati ya tope na tope kuna miiba ya migunga, na mwiba hausubiri umalize.

Chakula nacho kisikusumbue. Jioni iliyotangulia kula ugali wako na samaki, usizidishe. Asubuhi, zikiwa zimebaki saa tatu mbio zianze, uji wa ulezi au viazi vitamu na chai vinatosha. Maharage na dagaa wa kukaanga viache hadi utakapomaliza. Kama kuna jua, kunywa kidogokidogo tangu asubuhi. Ukimaliza, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi inakurudisha duniani. Na joto liheshimu. Tarehe 24 Machi 2007, kwenye mbio za nyika za dunia pale Mombasa, Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, aliacha njia katika mzunguko wa mwisho. Joto na unyevu wa pwani vilimshinda mtu ambaye kwenye nyika hakuna binadamu aliyekuwa akimshinda. Jua likiwa kali, kilomita ya kwanza ikimbie kana kwamba umesahau kuna mashindano.

Wenyeji hawahitaji kuambiwa, lakini wageni wasikie: usifanye mazoezi alfajiri kwenye nyasi za ufukweni mwa ziwa. Kiboko hula usiku nchi kavu na kurudi majini kukipambazuka, na ukisimama kati yake na ziwa hakupigii honi. Kwenye miamba wanakoota jua pimbi, nyoka nao wapo, hivyo usitie mkono kwenye ufa usioona ndani yake. Mawingu ya radi yakianza kukusanyika, shuka kutoka kileleni, na usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Mvua ya huku huja upesi kuliko unavyokimbia. Waandaaji wenyewe wahesabu watu wanaoanza na watu wanaorudi, namba kwa namba. Nimeshuhudia mbio ambazo zawadi zimegawiwa na sherehe imeanza huku binti mmoja bado amekaa mlimani, kifundo kimevimba, anasubiri mtu akumbuke.

Siku ya mbio simama katikati ya kundi, usisimame mbele. Wa mbele wanaingia mbugani kwa kasi ya lami, na wewe utakuwa unapita kando yao kwenye mashina ya nyasi uliyoyapanga kichwani wiki mbili zilizopita.

Ukimaliza, usikimbilie ziwani kuoga. Vimelea vya kichocho hukaa kwenye maji yenye konokono, hupenya ngozi, na mbuga yenye maji yaliyosimama nayo inaweza kuwa navyo. Jifute miguu kwa taulo kavu mara moja, kisha oga kwa maji ya kisima kirefu, au maji yaliyokaa ndani ya ndoo siku mbili, muda ambao vimelea hivyo huwa vimekufa. Wiki sita mpaka nane baadaye nenda zahanati ukapime choo na mkojo. Ukikutwa navyo, dawa ni prazikwante, nayo inatibu. Viatu visuuze tope kabla halijakauka, vijaze magazeti makavu, vianike kivulini. Ukiviweka karibu na jiko gundi inaachia, na safari ijayo soli itabaki mbugani, pamoja na kile kiatu cha kijana wa mjini.