Dondoo muhimu: Nafasi ya kompyuta na diski ya nje

Kwenye Windows, nafasi iliyobaki huonekana kwa kufungua This PC na kutazama diski C. Kwenye Mac hupatikana katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya Storage. Diski iliyokaribia kujaa huipunguzia kompyuta kasi na kuzuia masasisho. Kabla ya kununua chochote, inafaa kumwaga pipa la taka na kupitia folda ya vipakuliwa, ambako video zilizosahaulika hujazana.

Diski ya nje yenye ukubwa mara mbili ya mafaili yaliyopo hutosha watu wengi. Iliyoandikwa terabaiti 1 huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931 hivi, wala haina kasoro: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Diski ya sahani zinazozunguka ni nafuu na yafaa kwa nakala za akiba zinazokaa nyumbani, lakini ikianguka ikiwa kazini inaweza kupotea na kila kilichomo. SSD haina kinachozunguka, ina kasi zaidi, na ndiyo ya kumshauri mtu anayesafiri nayo kwenye daladala au bodaboda.

Hatari kubwa sokoni ni diski bandia. Terabaiti nyingi kwa bei ya kutupwa ni dalili mbaya: diski hizo hutangaza ukubwa wa uongo, kisha mafaili ya ziada huharibika kimyakimya. Diski mpya ijaribiwe kwa programu ya H2testw kabla ya kuwekewa picha za familia. Itakayotumika kwenye Windows na Mac ipangwe kwa mfumo wa exFAT, kwani FAT32 haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi.