Bustani Isiyomwacha Mtu Langoni



Vijana wenzangu, somo letu la leo ni bustani. Sisemi zile za kupigia picha za harusi. Nazungumzia bustani iliyotengenezwa makusudi ili anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona, mwenye mikono dhaifu au mwenye ulemavu wa akili aingie, apande, amwagilie na avune mwenyewe. Wengine huiita bustani tiba. Utauliza: hilo linamhusu nini kijana Mkatoliki? Twende hatua kwa hatua.

1. Kazi ilitangulia dhambi

Fungua Mwanzo 2:15. Mungu anamweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Angalia mpangilio: anguko linakuja sura ya 3. Kwa hiyo kutunza kitu chenye uhai si adhabu. Miiba na jasho ndivyo vilivyokuja baadaye. Kutunza ni sehemu ya kuwa mtu.

Sasa hebu tujiulize: je, mwenye ulemavu ameondolewa kwenye mstari huo? Hakuna atakayejibu ndiyo kwa mdomo. Lakini tunajibu ndiyo kwa ngazi zetu, kwa njia zetu nyembamba, na kwa ile sentensi yetu ya upole: "Wewe kaa tu, tutakufanyia."

Mtakatifu Yohane Paulo II aliligusa jambo hili katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, namba 22. Anafundisha kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba jamii inayowapa kazi wale tu wenye nguvu kamili inamdhalilisha mwanadamu.

Falsafa nayo ina la kusema. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre, katika kitabu chake Dependent Rational Animals cha mwaka 1999, anatukumbusha kwamba kila mmoja wetu ni tegemezi: tulipokuwa wachanga, tunapougua, tutakapozeeka. Hakuna kundi la wasaidizi upande huu na kundi la wasaidiwa upande ule. Wote tunapokea, na wote tunapaswa kupata nafasi ya kutoa. Ukimnyima mtu nafasi ya kutoa, umemnyima kitu kikubwa kuliko sabuni na sukari.

2. Mfano wa Chicago

Kaskazini mwa Chicago, Marekani, katika mji wa Glencoe, kuna bustani kubwa ya mimea iitwayo Chicago Botanic Garden. Mwaka 1999 ilifunguliwa ndani yake sehemu iitwayo Buehler Enabling Garden. Aliyeongoza huduma ya tiba ya bustani pale kwa miaka mingi ni Gene Rothert, ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu. Hilo ni la maana sana: aliyejua kikwazo ndiye aliyefundisha namna ya kukiondoa.

Pale, vitalu vimeinuliwa kutoka ardhini ili mtu apande akiwa amekaa. Kuna vikapu vya maua vinavyoning'inia kwa kapi: unavuta kamba, kikapu kinashuka mpaka ulipo, unakihudumia, unakirudisha juu. Kuna kuta zilizopandwa mimea ubavuni, hivyo huhitaji kuinama. Njia ni tambarare na ngumu, magurudumu hayazami. Kuna mimea ya kunusa na kugusa, na maji ya kusikiliza, kwa hiyo asiyeona naye ana bustani yake, si maelezo tu ya bustani ya wengine.

Unaona wazo lake? Hawakumbadilisha mtu aendane na bustani. Walibadilisha bustani.

3. Inasaidia nini hasa?

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti katika jarida la Science. Aliangalia kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja huko Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Na hao waliangalia tu dirishani.

Anayelima mwenyewe anapata zaidi. Kushika mbegu kunazoeza vidole, kunyanyua keni ya maji kunazoeza bega, na kukumbuka kwamba leo ni zamu yako kunazoeza akili. Tena mchicha unaweza kuvunwa ndani ya wiki tatu au nne, kwa hiyo aliyezoea kuambiwa "huwezi" anaona jibu kwa macho yake, au analigusa kwa mkono, kabla mwezi haujaisha.

Lakini tusidanganyane: bustani haiponyi uti wa mgongo uliovunjika, wala haimwondolei mtu haja ya daktari. Inachokifanya ni kumtoa mtu kwenye nafasi ya kuhudumiwa tu na kumpa kitu kinachomtegemea yeye.

4. Na sisi tusio na fedha za Chicago?

Bustani ya gunia tunaijua. Mitaa yenye watu wengi kama Kibera, Nairobi, imeitumia kulima sukuma wiki na spinachi penye nafasi finyu. Sasa fikiria: gunia limesimama, mimea imetoboka ubavuni, mkono unaifikia bila kuinama. Tayari hicho ni kitalu kilichoinuliwa!

Kikundi cha vijana wa parokia kinaweza kuanza hivi:

- Jaza gunia udongo uliochanganywa na samadi, na katikati weka nguzo ya kokoto ili maji yafike chini. Likunje juu mpaka limfae mtumiaji. Kwa aliyekaa kwenye kiti, sentimita 60 hadi 70 ni mwanzo mzuri.
- Mkijenga kitalu cha mbao au matofali, upana usizidi sentimita 60 kama kinafikiwa upande mmoja, au 120 kama pande zote mbili.
- Njia iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, ishindiliwe vizuri. Penye mteremko, kila sentimita 1 ya kupanda ipewe urefu wa sentimita 12.
- Kwa asiyeona, fungeni kamba ya kushika pembeni mwa njia, na kila kona pandeni harufu yake: hapa mrehani, pale mchaichai.
- Kwa mwenye mkono dhaifu, zungushia mpini wa jembe dogo mpira wa tyubu ya baiskeli. Mbegu anaweza kuziangusha shimoni kupitia kipande cha bomba, bila kuinama.
- Kwa mwenye ulemavu wa akili, onesheni hatua moja moja kwa vitendo, na mumwachie gunia lake lilelile kila wiki.

Chukueni tahadhari pia. Mwenye ualbino afanye kazi asubuhi mapema au jioni, kivulini, akiwa na kofia pana na mikono mirefu. Asiyehisi miguuni asiwekewe mapajani chuma kilichopigwa na jua, ataungua bila kujua. Mwenye kifafa asiachwe peke yake na panga au karibu na tangi la maji.

Na kabla ya yote hayo: waulizeni wenyewe. Wanataka kulima nini? Watauza, watakula au watagawa? Mavuno ni yao. Tukilima sisi, wao wakapigwa picha, hiyo siyo bustani tiba, ni maonyesho.

5. Lango la dari

Katika Marko 2, watu wanne walimleta mtu aliyepooza, wakakuta mlango umejaa. Hawakumwambia arudi siku nyingine. Walifungua dari. Na Yesu alipomponya alimwagiza abebe mwenyewe kitanda chake. Aliyebebwa akawa mbebaji. Kwaresima ijayo, vikundi vyetu vitakapopanga tendo la huruma, tusiishie kwenye kubeba. Tufike mpaka hapo.

Maswali ya kutafakari
a) Katika parokia yako, mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kufika wapi, na anaishia wapi?
b) Ni lini mara ya mwisho ulipokea kitu kutoka kwa mtu mwenye ulemavu, ukamshukuru kama unavyomshukuru mwingine yeyote?

Sala
Ee Bwana Yesu, asubuhi ya ufufuko Maria Magdalena alikudhania mtunza bustani. Tufundishe kuwaona watunza bustani wako katika wale tuliozoea kuwaona wagonjwa tu. Tupe mikono ya kufungua njia, na unyenyekevu wa kupokea mavuno yao. Amina.