Mashine ya Kiasi Gani? Maswali na Majibu kwa Wenye Vyombo vya Nyasa

Katika miaka yangu yote ya kufungua na kufunga mashine za kubandika shetrini, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hili la ukubwa, na aghalabu aniulizaye huwa amekwisha kukata shauri moyoni kwamba iliyo kubwa ndiyo bora, akanijia kutafuta shahidi tu. Maswali yafuatayo yaliletwa na watu wa Mbugani hapa Kyela, na wa pwani ya Matema, kwa nyakati mbalimbali.

Shikamoo, Mzee. Nimeunda mashua ya mbao ya mita 7, ya kuchukulia wageni na mizigo toka Matema hadi Ikombe na Lumbila. Wenzangu wanasema ninunue mashine ya HP 40. Wasemaje?

Marahaba, mwanangu. Wenzako wanaipima mashine kwa macho, nawe huna budi kuipima kwa mizani. Mashua yako tupu haipungui kilo 700. Watu 8 ni kilo 560. Magunia ya mchele, vyungu vya Wakisi, petroli na mashine yenyewe vitatimiza tani 1 na nusu. Chombo cha tumbo la mviringo kama hiki hupasua maji wala hakipai juu yake, na chombo cha namna hiyo mwendo wake umekwisha kukadiriwa na urefu wake: chukua urefu wa pale maji yanapokigusa, utafute kipeuo chake cha pili, uzidishe kwa 4 na nusu, utapata kilometa kwa saa. Mashua yako majini haizidi mita 6 na robo, kipeuo chake ni 2 na nusu, basi mwendo wako ni kilometa 11 na ushei. Ukifika hapo, chombo hujichimbia handaki baina ya wimbi la omo na wimbi la shetri kikakaa humo, na kila farasi umwongezaye hunywa petroli na kuididimiza shetri, ilhali mbele hakusogezi ila kidogo mno. Lau ungetaka kupaa juu ya maji, ungehitaji chombo cha tumbo bapa, na HP 1 kwa kila kilo 20 hivi, yaani HP 75 kwa uzito ulio nao. Basi hiyo 40 ya wenzako ni kubwa mno kwa kazi hii ya kupasua maji, na kwa ile ya kupaa haitoshi.

Basi ninunue ipi?

Katika maji tulivu huhesabiwa HP 4 kwa kila tani. Kwako ni 6. Ongeza kidogo kwa sababu ya mwinuko, maana ziwa letu li juu ya bahari kwa mita 475 hivi, na mashine ya kabureta hupoteza yapata asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Lakini hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kusi, ambayo jirani zetu wa Malawi huiita mwera. Tangu Mei hata Agosti upepo huu hutoka kusini-mashariki, ukalifuata ziwa kwa urefu wake, nao wapita kilometa 550, na mawimbi yaliyoinuliwa mbali sana huja kumaliza hasira zake hapa kwetu pembeni. Anayetoka Matema kwenda Lumbila huukabili uso kwa uso, na lile turubai uliloezeka ili wageni wasiunguzwe na jua hugeuka tanga la kukurudisha nyumbani. Kwa siku kama hiyo 6 haifai. Sharti iwe 9 au 10.

Sasa, viwanda aghalabu hutoa HP 9.9 na HP 15 kwa mwili mmoja na uzito unaokaribiana, hata mtu akizibeba zote mbili asipate kuzitofautisha. Mimi ningechukua 15, nikaiendesha kwa theluthi mbili ya nguvu zake. Na wanaoidharau 15 wakumbuke kwamba Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alipoanza kuuza mashine zake mwaka 1909, ilikuwa HP 1 na nusu tu, na watu waliisifu.

Mguu mfupi au mrefu?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mguu mfupi ni sentimita 38, mrefu ni 51, na kipimo hutwaliwa toka ukingo wa ubao wa shetri hata chini ya tumbo la chombo. Ukirudi Matema na kusi mgongoni, kila wimbi huiinua shetri. Rafadha ikiwa juu juu hutoka majini, mashine ikapiga yowe bila mzigo, kisha rafadha ikayapiga maji kwa ghafula na pini ikakatika, nawe mawimbi yako nyuma. Kwa mashua yako chukua mrefu. Kwenye midomo ya Mbaka na Lufilyo, ambako masika huteremsha mchanga na magogo, punguza mwendo na uuinue.

Na rafadha yenyewe?

Yenye mapana makubwa na hatua fupi. Ile inayokuja na mashine hukadiriwa kwa vyombo vyepesi. Kwa tani 1 na nusu mashine huguguna bila kufikia mizunguko yake, ikajiunguza.

Nichukue petroli kiasi gani?

Mashine ya HP 15 ya mchanganyiko wa oili, ikifunguliwa yote, hula lita 7 hivi kwa saa. Ukiipunguza kama nilivyosema, hula pungufu sana. Igawe petroli mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na lisiloguswa.

Nikiwa na mashine mpya, makasia niyaache nyumbani?

Hasha! Kupita Ikombe milima ya Livingstone hushuka majini wima kama ukuta, ufuko ni wa kutafutwa, na ziwa lenyewe, ambalo kina chake kirefu kabisa ni karibu mita 700, huenda nanga isiguse chini hata ukiwa karibu na miamba. Mashine ikizima hapo, huna pa kushika. Yalinipata mimi mwenyewe: plagi ililowa, akiba ninayo mfukoni, nikaona spana ya kuifungulia nimeisahau juu ya meza. Nilipiga kasia tangu adhuhuri hata jua likazama, na abiria wangu, mama mmoja na vyungu vyake, hakunisemesha neno njia nzima. Tangu siku hiyo spana ya plagi nimeifunga kwa kamba kwenye mashine yenyewe.