Mshushe Hadi Chini: Vidokezo 7 vya Kuachia Samaki wa Kina Kirefu

Wewe mkaazi wa Morningside, bahari ya Durban iko jirani yako, na siku ikitulia boti huelekea kwenye miamba ya mbali. Huko wapo samaki usioruhusiwa kuwachukua: seventy-four amekatazwa tangu 1998, red steenbras tangu 2012. Ila kumtupa tu majini si kumwokoa. Kwenye mita 40 mgandamizo ni mara 5 ya ule wa juu, hivyo akipandishwa, hewa ya kibofu chake hutanuka. Macho humtoka, tumbo humjaa, naye huelea akisubiri papa. Msaidie hivi:

1. Andaa chubwi la kushushia mapema.
Chukua ndoana isiyo na jino. Funga mshipi kwenye mpindo wake na uning'inize chubwi kwenye tundu, ili ncha ielekee chini. Kilo 1 au 2 humtosha samaki wa wastani. Mkubwa huhitaji zaidi. Kifaa kiwe tayari kabla hujatia chambo.

2. Tumia ndoana za duara.
Mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo, si kooni. Samaki akila, usikurupuke kuvuta kwa nguvu. Kaza mshipi taratibu. Bana jino la ndoana kwa koleo, itatoka upesi.

3. Usimchoshe njiani.
Kumpandisha polepole hakumpunguzii hewa. Chewa na jamii ya changu hawawezi kuicheua; damu ndiyo huiondoa, tena kwa saa nyingi. Tumia mshipi wenye nguvu, apande akiwa bado na uhai wa kutosha.

4. Lowesha mikono.
Mikono mikavu humtoa ute unaomkinga na maradhi. Mlaze juu ya kitu laini kilicholowa, mfunike macho kwa kitambaa chenye maji, wala usimning'inize kwa taya. Zuia pumzi unapomtoa majini: ukihitaji kuvuta hewa, naye amekaa nje vya kutosha.

5. Usitoboe kinachotokeza mdomoni.
Wengi hudhani ni kibofu cha hewa, kumbe ni mfuko wake wa chakula uliosukumwa nje. Ukiutoboa, umemjeruhi bure. Sindano ya kutolea hewa ipo, lakini inataka mkono uliofundishwa.

6. Mfikishe alikotoka.
Pitisha ndoana ya chubwi kwenye tundu lililokwisha kutobolewa mdomoni, kisha mwachie ashuke moja kwa moja. Mgandamizo utaibana hewa tena. Chubwi likikaribia mwamba, vuta mshipi mara moja kwa nguvu. Ndoana itachomoka naye ataogelea. Marekani, mwaka 2022, boti zinazovua samaki wa miamba kwenye Ghuba ya Mexico zilianza kulazimishwa kuwa na kifaa cha kushushia au sindano ya kutolea hewa.

7. Hama, na toa taarifa.
Ukiona unanasa waliokatazwa mfululizo, ng'oa nanga: hata aliyeshushwa vizuri anaweza kufa. Na ukivua samaki mwenye alama, andika namba yake, urefu, mahali na tarehe, kisha uwapelekee Oceanographic Research Institute hapo hapo Durban. Mradi wao wa kuwatia samaki alama ulianza 1984, na unategemea taarifa za wavuvi kama wewe kujua samaki huenda wapi na hukua kwa kasi gani.