SOMO LA ROBO HII: Kuchagua Mkanda wa Kila Siku Usio wa Ngozi



Somo letu la robo hii linahusu kitu kidogo ambacho kamati nyingi hazikijadili: mkanda wa suruali au sketi. Sharika zinapoandaa sare za watoto yatima na wale waishio katika mazingira magumu, mkanda mara nyingi huandikwa mwisho wa orodha na kununuliwa kwa chenji iliyobaki. Mtoto anayeshikilia suruali kwa mkono mmoja hawezi kukimbia na wenzake, wala hasimami kwa raha mbele ya ubao. Sare amepata, lakini heshima yake imebaki nusu. Kwa hiyo tunapendekeza mkanda ujadiliwe kama vile viatu vinavyojadiliwa.

1. Kwa nini usiwe wa ngozi?

Ngozi halisi iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Lakini bei yake ni kubwa, haifuliki kwa sabuni, ikilowa mvua na kukauka juani hukakamaa, na wakati wa masika huota ukungu ikiwa imefungiwa sandukuni. Kwa mtoto wa shule, mkulima au dereva wa bodaboda, hayo ni matatizo ya kila wiki.

Tatizo kubwa zaidi ni ngozi bandia. Mikanda mingi ya bei rahisi inayoitwa ya ngozi ni kitambaa au karatasi ngumu iliyopakwa plastiki. Aina moja ya plastiki hiyo huharibiwa polepole na unyevu na jasho, ikaanza kubanduka vipande vipande. Aina nyingine hupoteza mafuta yanayoilainisha, ikakauka na kupasuka, hasa kwenye matundu. Kabla ya kununua, tazama ukingo uliokatwa na ndani ya tundu. Ukiona kitambaa kilichofumwa au karatasi chini ya tabaka la plastiki, hiyo si ngozi halisi, hata kama muuzaji anasifu.

2. Mkanda wa utepe uliofumwa

Tunaoupendekeza ni mkanda wa utepe mnene uliofumwa, kama ule wa kuning'inizia mabegi. Utepe huo ni wa aina tatu:

a) Pamba. Ni laini, hunyonya jasho na haiumizi kiuno. Kasoro zake ni kupauka na kuchelewa kukauka.

b) Poliesta. Hukauka haraka, hairefuki sana ikilowa, na hustahimili jua kuliko nailoni. Inafaa kwa shamba na kwa watoto wanaofua mara kwa mara.

c) Nailoni. Ina nguvu sana, lakini hulegea kidogo ikilowa, na jua kali huidhoofisha baada ya muda.

Ukitaka kujua aina, choma uzi mmoja kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha donge gumu.

Upo pia mkanda wa lastiki iliyosukwa. Huu humfaa mtu anayeinama na kukaa sana, kwa sababu hurefuka pamoja na tumbo, ila lastiki huchoka na kulegea mapema. Katani yetu ni nzuri kwa kamba na vikapu, lakini kwa kiuno ni ngumu na huchoma.

3. Bizimu

Mkanda mzuri huharibiwa na bizimu mbaya. Kwa mtoto anayekua, chagua bizimu ya kuteleza, ile isiyohitaji matundu. Mkanda mmoja utakazwa leo na kulegezwa mwakani. Kabla ya kulipa, funga na uvute kwa nguvu: ikiteleza dukani, itateleza shuleni.

Bizimu za chuma zinazong'aa huwa na nikeli mara nyingi. Watu wengine nikeli huwatoa vipele na muwasho chini ya kitovu, hasa wanapotoka jasho. Jambo hili linajulikana sana, hata Umoja wa Ulaya mwaka 1994 ulipitisha maelekezo ya kuweka kikomo cha nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi ya mwili. Mwenye vipele vya namna hiyo apewe bizimu ya plastiki ngumu na aonane na mhudumu wa afya.

Mtu anayetumia mkono mmoja, kwa mfano baada ya kiharusi, huhangaika na bizimu ya kuteleza. Utepe wa kunata humsaidia zaidi. Anayetumia kiti cha magurudumu apewe bizimu ndogo na bapa, isiyombana tumbo akikaa.

4. Kipimo

Pima kiuno juu ya suruali, pale mkanda utakapokaa. Kwa bizimu ya kuteleza, ongeza sentimita 15 hadi 20. Kwa mtoto anayekua, hadi 30. Kwa mkanda wa matundu, urefu kutoka kwenye bizimu hadi tundu la katikati ulingane na kipimo hicho cha kiuno. Upana wa sentimita 3 hupita kwenye vitanzi vya suruali nyingi za shule, lakini pima vitanzi vyenyewe kwanza. Mkanda mwembamba sana hukata kiuno.

5. Gharama

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkanda wa shilingi 3,000 ukidumu miezi minne, mtoto atahitaji mitatu kwa mwaka, yaani shilingi 9,000. Wa shilingi 6,000 ukidumu miaka miwili, gharama ni shilingi 3,000 kwa mwaka. Ulio rahisi dukani unaweza kuwa ghali kwenye bajeti.

Vikundi vya ushonaji vinaweza kuitengeneza wenyewe. Mnunue utepe kwa roli na bizimu kwa jumla. Tumieni sindano namba 16 au 18 na uzi wa poliesta. Ncha ya nailoni au poliesta iyeyushwe kidogo kwa moto isichanike. Ya pamba ikunjwe na kushonwa. Penye bizimu, shoneni mraba wenye alama ya X katikati. Fedha ya mkanda ikibaki kwa kikundi, inazunguka usharikani.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mikanda tuliyogawa mwaka jana, mingapi bado inavaliwa?
2. Nani huwapima watoto kabla ya ununuzi, na je, wao wenyewe huulizwa?
3. Katika usharika wetu, nani hawezi kufunga mkanda wa kawaida?
4. Kikundi gani cha ushonaji kinaweza kushona mikanda kumi ya majaribio kabla ya muhula ujao?