MAHALI PA KUWAPATA KANGA NA KWALE: SOMO KWA ANAYEANZA

Leo nataka tujifunze jinsi ya kuwapata ndege wa ardhini, yaani kanga, kwale na tombo, ambaye wengi wetu humwita kware. Lakini wekeni mitego chini! Serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Sisi tutawinda kwa macho tu. Hata hivyo ujuzi ni ule ule wa wawindaji, nami nimefundishwa na babu yangu, ambaye aliwinda ujanani hapa kwetu Machakos.

Babu husema anayeanza hutafuta ndege, naye mzoefu hutafuta mahali. Mahali pazuri pana mambo manne.

Kwanza, chakula. Kanga na kwale hula mbegu, mizizi laini na wadudu. Anzia shamba lililovunwa juzi juzi, liwe la mtama, mahindi au kunde, kwa maana punje zimedondoka. Vifaranga hutegemea sana wadudu, kwa hivyo shamba linalopigwa dawa kila mara haliwafai.

Pili, maficho. Ndege hawa wakishtuka hupenda kukimbia kwanza, kuruka baadaye. Nyasi zikiwa fupi kama za uwanja wa mpira, mwewe atawaona. Zikishonana mno, vifaranga hawapiti. Zinazofaa ni zile za kufika magotini, zenye nafasi chini, na kichaka cha miiba kando yake. Kwetu hupatikana kwenye kingo za matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo.

Tatu, maji. Kanga hupenda kunywa, basi kagua kando ya mito na mabwawa. Kwenye matope utaona nyayo za vidole vitatu kama za kuku.

Nne, mahali pa kulala na kuoga. Kanga hulala juu ya mti, kwa mfano mgunga mkubwa. Kuoga, huoga vumbi! Ukikuta vishimo vya mviringo kwenye udongo mkavu, na unyoya mmoja au miwili ndani, jua umefika kwa wenyewe.

Sasa sikilizeni siri yenyewe. Mambo haya manne hayapatikani katikati ya shamba, wala katikati ya kichaka kinene. Hukutana mpakani, pale shamba linapoishia na kichaka kinapoanzia. Fuata mpaka huo polepole, ukisimama kila baada ya hatua chache. Nenda alfajiri au jioni, ndipo wanapotoka kula na kwale wanapoita kwa ile sauti yao ya kukwaruza. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, maana ndizo saa zetu za kutembea! Tombo naye mtafute mvua ikinyesha na nyasi zikiota, kwa sababu huhama akiifuata.

Wahenga walisema, kanga hazai ugenini. Ndege hawa hutaga chini, katika kishimo kilichofichwa na nyasi. Tukichoma nyasi zote wakati wa kutayarisha shamba, mayai huungua. Tukifyeka kila kichaka, pale penye makao yao panakuwa ugenini. Babu anasema zamani kanga walikuwa makundi makubwa hapa kijijini. Mimi najua kundi moja tu, la ndege kumi na mmoja, na linaishi kwenye kona ya shamba letu ambayo Baba anataka kulima mbaazi. Nimemwomba atuachie ukanda wa hatua tano kando ya tuta. Hajakubali bado, wala hajakataa. Mbaazi ndizo karo yangu, hilo nalijua. Lakini nimempimia ukanda wenyewe kwa hatua, akaona ni sehemu ndogo, akasema atafikiri.

ZOEZI: Chora ramani ya njia yako kutoka nyumbani hadi shuleni. Weka alama kila mahali shamba linapokutana na kichaka, kisha pita hapo asubuhi tatu mfululizo. Andika ulichoona na ulichosikia, ulete chamani. Tukiunganisha ramani zetu, tutajua ni kona zipi zimebaki kabla hazijafyekwa.