Dawa ya Kutuliza Mawazo: Uliza Kwanza, Kisha Unywe



Sokoni mnaona chupa na vifungu vya mizizi. Muuzaji anasema: «Hii inaondoa mawazo, inaleta usingizi.» Mtu wa kazi ya usiku, ambaye mchana hapati usingizi kwa kelele na joto la mabati, anatoa faranga zake upesi. Kabla hajanywa, asome somo hili.

1. Dawa ya miti ni dawa kweli

Wengine husema: «Ni mizizi tu, haiwezi kudhuru.» Si hivyo. Kinini hutoka katika maganda ya mti wa kinkina, unaolimwa hata kwetu Kivu. Chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia.

2. Mfano mmoja

Mti mdogo uitwao Rauvolfia vomitoria huota katika misitu ya Kongo. Tangu zamani mizizi yake hutumiwa kwa wagonjwa wa akili. Ndani yake mna reserpini, dawa ambayo wataalamu waliitenga mwaka 1952 katika mti wa India wa jamaa moja na huu. Reserpini hutuliza akili na kushusha tansio. Lakini huleta pia usingizi, kizunguzungu, na wakati mwingine huzuni nzito. Tena nguvu yake hudumu mwilini siku nyingi. Aliyekunywa Jumapili aweza kusinzia Jumatatu kwenye usukani wa kamio, na wenzake wako mbele ya magurudumu.

3. Uliza maneno matatu

— Ni mti gani? Muuzaji asipotaja, usinunue.
— Kipimo gani? Kidonge kina miligramu zinazojulikana. Kikombe cha mizizi iliyochemshwa leo si sawa na cha jana.
— Ninakunywa dawa gani nyingine? Dawa ya tansio pamoja na mizizi inayoshusha tansio, mtu huanguka. Millepertuis, mmea wa Ulaya unaouzwa kwa huzuni, hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba na ya dawa kadhaa za ukimwi. Pombe nayo huongeza usingizi.

4. Ufanye nini?

Ukiwa umekwisha kunywa, lete chupa dispansere. Hakuna atakayekukaripia. Ukisinzia, mwambie shefu wa ekipi kabla ya kupanda mashine.

Mama, baba akitoka kazi ya usiku, funika dirisha kwa kitambaa kizito, watoto wachezee mbali. Naye asinywe kahawa saa za mwisho za kazi.

Kama mawazo yanatoka kwa deni au ugomvi wa nyumbani, mzizi haulipi deni wala haupatanishi watu. Ongea na mtu unayemwamini. Usingizi ukikosekana wiki mbili, njoo utuone. Ukiwaza kujiua, njoo siku ileile, usiku au mchana.